Ukuta wa vipimo: kisa cha fremu ya fundi cherehani, Moshi

Majina nimeyatoa yote, mtaa sitautaja, na vitu viwili vitatu vidogo nimevibadilisha ili watu wa pale wasijulikane. Kilichobaki ndo kilivyotokea. Naandika kwa ajili ya wenzangu tunaofanya dizaini za ndani za maduka na migahawa, na yeyote mwenye jengo la zamani la wazazi analofikiria kuligeuza biashara.

Mahali penyewe

Fremu moja ya mbele ya nyumba, Moshi mjini, barabara yenye vumbi si mbali sana na soko. Nyumba ya matofali ya zamani, bati limeshika kutu, mlango wa mbao wa milango miwili inayofunguka kwa nje. Ndani ya fremu hiyo Mzee alishona nguo kwa zaidi ya miaka 30. Kaunda suti, sare za shule, nguo za kipaimara, na kila Desemba wale wanaopanda kutoka Dar kuja Krismasi walikuwa wanamkimbilia awapunguzie suruali. Mzee alifariki, fremu ikakaa imefungwa karibu miaka miwili, mjane wake (nitamwita Mama) akaendelea kuishi vyumba vya nyuma.

Kijana wao wa tatu akaja na wazo la mgahawa mdogo wa kahawa. Wazo zuri tu. Mji huu una kahawa tangu enzi na enzi, ushirika wa wakulima wa kahawa, KNCU, upo tangu 1933, ila sisi wenyewe nyumbani tumelelewa na chai ya maziwa, ndo sasa hivi vijana wanaanza kukaa chini kunywa kahawa ya kwetu.

Sasa ndani ya ile fremu kulikuwa na vitu vinne ambavyo kisa chote kinavizunguka.

Cha kwanza ukuta. Mzee hakuwa na daftari, alikuwa anaandika vipimo ukutani kwa penseli, ukuta wa kushoto, pale pale mkono unapofika ukiwa umekaa kwenye cherehani. Jina, halafu K 38, N 32, H 44, U 45, yaani kifua, kiuno, hipsi, urefu, zote inchi, na mwisho deni kama lipo. Ukilipa anapiga mstari mmoja wa mshazari juu ya deni. Kila mwaka alikuwa anapaka chokaa kuta zote isipokuwa huo, na pakijaa anapaka chokaa utepe mmoja tu kama upana wa viganja viwili, anaanza upya. Kwa hiyo chokaa ilipobanduka unaona maandishi ya chini yake, na chini ya hayo mengine. Saba yake ilikuwa na kamstari katikati, nne yake imeachwa wazi juu kama kiti kilichopinduliwa.

Cha pili sakafu, simenti nyekundu iliyopigwa niru. Miguu ya chuma ya cherehani ilikuwa imezama ikaacha vishimo vinne vyenye kutu. Na mbele kidogo, kama hatua moja na nusu kutoka mlangoni, wekundu ulikuwa umelika, pamebaki kijivu laini, mapana ya miguu ya mtu aliyesimama. Hapo ndo kila mteja alisimama kupimwa, maana mwanga wa mlango uliishia hapo. Ukisimama pale mwenyewe unajikuta umenyoosha mgongo, sijui kwa nini.

Cha tatu meza ya kukatia vitambaa, ina alama nyeusi ya pasi ya mkaa, ile pembe tatu, siku ambayo inaonekana mtu aliitwa nje akasahau. Cha nne mlango wenyewe, ambao huo haukuwa na shida yoyote naupita.

Kazi niliyopewa

Mteja, yaani huyo kijana, alitaka fremu "isafishwe, iwe ya kisasa, lakini ibaki na historia". Sentensi hiyo ukiisikia kwa mteja ujue kila mtu kwenye kikao ana picha yake kichwani. Yeye alikuwa na picha za migahawa ya Instagram, mi nilikuwa na picha ya ule ukuta maana nilivyouona tu nilisimama dakika kumi nasoma. Mama hakuwa kwenye kikao. Alituletea chai, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba mwanangu, akarudi nyuma. Sikumuuliza kitu. Hilo litarudi.

Bajeti ilikuwa ndogo, muda wiki sita, na tulianza mwezi wa pili kwa kukimbiza tufungue kabla masika haijachanganya.

Siku ya grainda

Siku ya tatu ya kazi niko Arusha kwa shughuli nyingine. Nikampigia fundi wa sakafu nikamwambia asafishe sakafu. Kichwani mwangu kusafisha ni kufagia, kudeki, kuondoa matone ya rangi. Kwake yeye, na kwa mafundi wengi kwa kweli, kusafisha sakafu ya zamani ni kuipitishia grainda, mashine ya kusaga, mpaka ubichi utokee. Kesho yake nafika saa nne asubuhi nakuta sakafu yote imekuwa kijivu, inang'aa, kazi safi mno, na fundi anasubiri sifa.

Pale pa kusimama pameondoka. Vishimo vinne vya cherehani vilibaki kwa sababu vilikuwa na kina, kutu yake ikiwa imefifia.

Sikumgombeza, kosa lilikuwa langu, maelekezo ya simu, bila picha, bila kuchora mduara kwa chaki na kuandika USIGUSE. Mteja akasema basi tumtafute mtu atuchoree nyayo mbili pale kwa rangi. Nikakataa pale pale. Ningekuwa na akili hiyo hiyo wiki mbili baadaye tusingekuwa hapa.

Uamuzi wa kioo, na saba zisizo zake

Baada ya sakafu nikawa kama mzazi ambaye mtoto mmoja kaanguka, nikamfunga wa pili kwa kamba. Ukuta usiguswe na mtu! Wazo la kwanza lilikuwa vanishi ya kung'aa ipakwe juu ya maandishi. Nashukuru tulijaribu kwanza pembeni, kwenye kipande kisicho na maandishi ya maana. Penseli ni grafaiti, haipauki na jua wala haiyeyuki na maji, shida yake ni moja, imekaa juu juu, na chokaa nayo ni unga. Brashi ikipita vinasombwa vyote viwili, ukapata tope la kijivu. Na vanishi ya mafuta ikikaa inageuka njano. Tukaachana nayo.

Nikaamua kioo. Kipande kikubwa, kimebanwa ukutani kwa skrubu nne, juu yake spoti laiti tatu. Ikapendeza haswa, sitadanganya. Mteja akafurahi, akataka namba za Mzee ziwe kwenye menyu na kwenye vikombe.

Tatizo likawa fundi umeme alikuwa ameshachimba mfereji wa bomba la waya katikati ya ukuta, kwa idhini yangu, kabla sijajua ukuta utakuwa ndo picha kuu ya fremu. Tukaziba, pakabaki kovu jeupe kutoka dari mpaka swichi, limekata majina ya watu nusu nusu. Mteja akasema linaharibu. Na hapa, mimi niliyekataa nyayo za rangi, nikamwita kijana mmoja anayeandika mabango, ana mkono mzuri sana, akajaza kovu kwa penseli. Majina ya kubuni, vipimo vya kubuni, hata madeni mawili ya kubuni na mstari wa mshazari. Tukapaka majani ya chai kuzeesha.

Kabla kioo hakijabanwa Mama akapita kuelekea dukani. Akasimama. Akavaa miwani. Haikufika nusu dakika akaweka kidole:

"Nani kaandika saba hizi?"

Kijana wa mabango alikuwa amesahau kamstari ka katikati kwenye saba. Zote. Mteja akacheka akasema Mama hiyo ni mapambo tu. Mama hakujibu, akaendelea na safari yake ya dukani. Tukabana kioo.

Jumamosi ya kwanza

Ufunguzi ulikwenda vizuri. Shida ilikuja Jumamosi iliyofuata, wakaja kina mama watano, kikundi cha kikoba, wakaagiza kahawa na maandazi wakakaa meza iliyo chini ya ukuta. Mmoja wao akainua macho akaliona jina lake. Mama Fulani, kama anavyoitwa mpaka leo. Kifua kadhaa, hipsi kadhaa, na mwisho: deni 3,500. Halijapigwa mstari. Lina spoti laiti.

Wenzake walicheka, kicheko cha kawaida tu cha watu wanaojuana, ila mmoja akapiga picha, na jioni picha ikawa kwenye grupu la WhatsApp la kikoba. Fikiria mwenyewe, kikoba! Mahali ambapo jina la mtu na neno deni vikikaa mstari mmoja ni habari nzito. Na hipsi za mtu alipokuwa binti, kila mtu anahesabu.

Yule mama hakuja kugombana na mteja wangu. Alizunguka nyuma kwa Mama, wakaongea muda mrefu. Baadaye Mama akaingia ndani ya mgahawa, watu wamekaa, akaenda moja kwa moja kwenye swichi akazima zile taa tatu, akatoka. Mteja akanipigia: kaka, njoo.

Tulivyorekebisha

Kwa mara ya kwanza nilikaa na Mama. Nilikaa naye karibu siku nzima, na kwa kweli siku ile nilijifunza kazi yangu kuliko miaka yote. Alinisomea ukuta. Huyu alihamia Tanga. Huyu alifariki. Huyu hakuwa na deni, Mzee alikosea, alimchanganya na ndugu yake, wakaja kuelewana lakini mstari haukupigwa kwa sababu siku hiyo penseli ilipotea. Na yule mama wa kikoba alisema alilipa, alimpa Mzee mkononi njiani, wanatoka kanisani. Mama akasema inawezekana kabisa, Mzee alikuwa hivyo, pesa ya njiani hakuwahi kuiandika.

Yaani mi ukuta ule nilikuwa nauchukulia kama ushahidi. Kumbe ilikuwa kumbukumbu ya mtu mmoja, mwenye haraka, anayesahau, na imeandikwa kwa matumizi yake mwenyewe akiwa amekaa kwenye kiti chake.

Kioo tulikitoa. Ilikuwa masika imeshakolea na nyuma ya kioo kulikuwa na ukungu, matone yametelemka, chini kuna koga ya kijani. Ukuta wa zamani wa aina hii hauna karatasi ya kuzuia maji kati ya msingi na ukuta, unanyonya unyevu wa ardhini na unautoa kwa kupumua upande wa ndani. Mi nilikuwa nimeuziba pua. Maandishi ya mistari miwili ya chini yalitoka na kioo.

Maandishi ya kubuni tuliyakwangua. Kovu tukaliacha plasta wazi ya kijivu, bila rangi, inaonekana kabisa ni ya mwaka huu.

Halafu nikamwomba seremala atengeneze milango miwili midogo ya mninga, kama ya dirisha, kwenye bawaba, imeachana na ukuta inchi mbili ili hewa ipite, inafunika sehemu yote yenye majina. Inafungwa kwa komeo. Anayetaka kuona anaomba, Mama au binti wa kaunta anafungua, anakuonyesha. Juu ya milango ile imebaki sehemu ambayo ni namba tu, majina yalishabanduka, hiyo iko wazi.

Kabla ya milango kufungwa yule mama wa kikoba aliitwa. Mama akamwomba mwanae penseli, akapiga mstari wa mshazari juu ya 3,500. Hakuna risiti iliyodaiwa.

Uchambuzi

Nianze na kilichofanya kazi, maana ni kifupi. Meza ya pasi. Hatukuifanyia chochote, tuliipiga msasa mwepesi kingo zilizokuwa zinachana nguo basi, na ndiyo meza inayogombewa. Watu wanaweka kikombe juu ya ile pembe tatu nyeusi bila kuambiwa. Kovu la plasta nalo limefanya kazi, halijifichi wala halijionyeshi. Berlin kuna jumba la makumbusho, Neues Museum, lilipigwa mabomu kwenye vita ya pili likakaa gofu miongo mingi, mbunifu majengo David Chipperfield alipolikarabati mpaka likafunguliwa tena 2009 aliacha matundu ya risasi na plasta iliyobanduka, na alichojenga kipya ukikiona unajua ni kipya. Nilikuwa nalijua jengo hilo kwa picha tangu chuo, nimelisifia kwa wateja mara ngapi sijui, na bado nikaenda kuzeesha ukuta kwa majani ya chai. Kujua kitu na kukitenda ukiwa na mteja mgongoni anahesabu siku ni vitu viwili tofauti.

Mfano mwingine ninaoupenda: 2007 Doris Salcedo, msanii wa Colombia, alipasua ufa wa mita 167 kwenye sakafu ya jumba la sanaa la Tate Modern kule London. Maonyesho yalipoisha ufa ukazibwa kwa zege, lakini alama yake ipo mpaka leo, watu wanaikanyaga wengine bila kujua. Hakuna aliyejaribu kuifanya sakafu ionekane kana kwamba haikuwahi kupasuka. Laiti ningekumbuka hilo kabla ya kumwita kijana wa mabango.

Kwa nini nyayo za rangi nilizikataa na saba za uongo nikazikubali? Nimejiuliza sana. Nadhani nyayo za rangi zilionekana uongo kwa macho, zile saba zilionekana ukweli. Nilikuwa napima kwa jicho la mgeni wa mgahawa. Jicho la mtu aliyeishi na huo mkono miaka 30 halikuwa kwenye hesabu zangu, na ndilo lililohitaji nusu dakika tu.

Sasa hili la majina, ambalo naona ndo kosa kubwa kuliko yote, kuliko hata grainda. Idhini niliiomba kwa mwenye jengo. Mwenye jengo anamiliki matofali na chokaa, ila vipimo vya mwili na madeni yaliyoandikwa juu yake ni vya watu, na wengi wako hai na wanapita barabara ile ile. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, mi siyo mwanasheria sitaki kuingia huko, nachosema ni kwamba hata bila sheria, fundi wa nguo anajua mambo ya mwili wako kama daktari anavyojua, na kuna adabu yake. Ukuta ulipokuwa kwa Mzee ulikuwa wazi vile vile, kila mteja angeweza kusoma. Lakini nani alisoma? Ulikuwa gizani, penseli nyembamba, kati ya makorokoro. Nilichobadilisha ni mwanga. Taa tatu za bei rahisi ziligeuza kumbukumbu ya kazi kuwa tangazo.

Na hapa ndo nawaletea Laetoli, kwa sababu tunapenda kusema kuhifadhi ni kuonyesha. Nyayo za Laetoli zipo Ngorongoro, mkoa wa Arusha, hapo jirani tu, ziligunduliwa 1978 na timu ya mwanaakiolojia Mary Leakey, zina miaka kama milioni 3.66, watu wa kale wamepita kwenye majivu ya volkano yakiwa mabichi. Zinahifadhiwaje? Zimefukiwa. Mara ya kwanza zilifukiwa kwa udongo uliokuwa na mbegu za migunga, miti ikaota, mizizi ikaanza kuelekea kwenye nyayo, ikabidi 1995 na 1996 zifukuliwe, miti itolewe, zifukiwe upya kwa mchanga, vitambaa maalum vya kuzuia mizizi, na mawe juu. Angalia hilo: hata kufukia kuna kufukia vizuri na vibaya. Kioo changu kilikuwa kama ule udongo wa mwanzo, nia njema yenye mbegu ndani.

Milango ya mninga inafanya kazi kwa sababu ukuta unapumua, na kwa sababu kuna mtu anayefungua. Gharama yake ipo, siku Mama hayupo na binti wa kaunta ni mgeni, aliyekuja kunywa kahawa anaonyeshwa majina bila maelezo, na hayo ni yale yale ya mwanzo yenye bawaba. Mteja wangu bado anaamini tumepoteza kivutio. Kibiashara labda ana hoja, watu walikuwa wanakuja kupiga picha.

Kuhusu sakafu sina cha kutetea. Siku hizi kwenye kila saiti ya jengo la zamani siku ya kwanza ni ya chaki na picha, nazunguka na fundi mmoja mmoja, na neno safisha nimelifuta kwenye maelekezo yangu. Nasema fagia. Nasema deki. Nasema piga msasa namba fulani. Na siku ya kwanza hiyo hiyo naomba kukaa na mtu mzima kuliko wote pale nyumbani, kabla hata ya futikamba.

Hali ilivyo sasa

Nilipita wiki mbili zilizopita. Chokaa ya chini inaendelea kudondoka kidogo kidogo kila mvua, tumepiga picha ukuta wote kipande kwa kipande, tukamwuliza Mama kama tuite mtu wa kuukausha na kuugandisha, akasema uacheni.

Nikafungua milango kuangalia koga. Kwenye utepe wa mwisho, ule Mzee alioupaka chokaa akafariki kabla hajaujaza, kuna maandishi mapya. Maziwa lita 3 J'nne. Maziwa lita 5 Ijumaa, deni 4,000. Mteja akaja mbio kuniambia kaka siyo mimi, nimemkataza, haskii. Mama alikuwa mlangoni na jagi.

"Sasa mwanangu, yule wa maziwa nimwandike wapi?"

Saba zake hazina kamstari. Penseli aliyokuwa anatumia ni laini mno, kiganja kikigusa inafutika, nimemwachia mbili za HB, ngumu kidogo.